Maji ya Ziwa Yamefika Tabora: Maji Taka Yataelekea Wapi?

Mwezi huu ukurasa wetu hauzungumzii dawa wala chanjo. Tunataka kuzungumza nanyi juu ya mabomba. Si yale yanayoleta maji nyumbani, ambayo kila mtu anayashangilia, bali yale yanayoyaondoa maji yakishatumika, ambayo nyumba zetu nyingi hazina.

Wengi mnakumbuka hali ilivyokuwa. Kwa miaka mingi mji wa Tabora uliishi kwa kutegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, na kiangazi kikizidi akina mama waliamka usiku wa manane kuwahi foleni ya kisima. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 ukakamilika mradi mkubwa uliojengwa kwa mkopo kutoka India. Mradi huo unachukua maji ya Ziwa Viktoria kwenye bomba kuu litokalo Ihelele, wilayani Misungwi, ukianzia Solwa mkoani Shinyanga, na kuyaleta Nzega, Igunga na Tabora. Mwaka 2022 ikatiwa saini mikataba ya maji kwa miji 28 nchini, na humo wamo jirani zetu wa Sikonge, Urambo na Kaliua.

Sisi wauguzi tumefurahi kuliko wengine. Mama mwenye maji ya kutosha huosha mikono ya mtoto, hufua nepi, huosha vyombo mara moja baada ya kula. Upele wa ngozi hupungua, macho mekundu hupungua, kuhara hupungua. Lakini furaha hiyo ina upande wa pili ambao haujazungumzwa vya kutosha. Maji yakiingia nyumbani lazima yatoke. Familia iliyokuwa ikitumia ndoo sita kwa siku sasa inatumia ndoo kumi na tano au ishirini, kwa sababu ndani kuna bomba na pengine choo cha kuvuta. Je, ndoo hizo zote zinakwenda wapi?

Turudi nyuma kidogo katika historia, maana swali hili si geni kwa njia yetu hii ya misafara. Mwezi Julai 1858, Mwingereza Speke alitoka Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, akamwacha mwenzake Burton hapo, akaelekea kaskazini kwa miguu pamoja na wapagazi. Tarehe 3 Agosti alikuwa Mwanza akiliangalia ziwa. Bomba letu la leo linafuata karibu uelekeo ule ule, ila linarudi kinyume chake. Sasa siku hizo hizo, kwao London, mto Thames ulikuwa unanuka kiasi kwamba wabunge walishindwa kukaa katika jengo lao lililo kando ya mto. Sababu yake ndiyo inayotuhusu. Watu wa London walikuwa wamepata maji mengi ya bomba na vyoo vya kuvuta kabla ya kupanga maji hayo yatakwenda wapi. Mashimo yaliyokuwa yakipokea choo kikavu yalifurika, yakamwagika kwenye mifereji ya mvua, na mifereji ikamwaga mtoni ambako watu wengine walichota maji ya kunywa. Kipindupindu kiliua maelfu mwaka 1849 na tena 1854. Mwanzoni mwa Agosti 1858 Bunge likapitisha sheria ya kujenga mabomba makuu ya maji taka, na mhandisi Joseph Bazalgette akayapanga kwa ajili ya watu wengi kuliko waliokuwapo wakati ule. Hata hivyo, kwa miaka mingi mabomba yale yalihamishia tu uchafu huo chini zaidi ya mto bila kuusafisha. Kusafirisha ni kazi moja, kusafisha ni kazi nyingine.

Huku kwetu misafara ilikuwa na shida yake. Watu mia kadhaa, wengi wao wapagazi wa Kinyamwezi, walipiga kambi penye maji, na msafara uliofuata ulipiga kambi mahali pale pale. Haja zilifanyika vichakani karibu na dimbwi. Kuhara damu kulikuwa mwenzi wa safari kama jua lilivyokuwa. Livingstone mwenyewe, aliyekaa Kwihara hadi Agosti 1872 akingoja wapagazi, alikuwa mtu aliyesumbuliwa mno na tumbo, na alifariki mwaka uliofuata. Daktari mmoja wa Unguja, James Christie, aliandika kitabu mwaka 1876 akionyesha jinsi kipindupindu cha 1869 na 1870 kilivyopita bara kwa njia za biashara, kupitia nchi ya Wamasai hadi Pangani, kisha kikavuka bahari kwenda Unguja. Kwa hiyo tangu zamani ugonjwa huu hupita njia wanayopita watu. Mwaka 2015 ulipoanza Dar es Salaam mwezi Agosti, haukungoja wapagazi. Ulipanda basi, na katika miezi michache mikoa mingi ya nchi ilikuwa imepata wagonjwa.

Sasa tuje kwenye hesabu. Wasomaji wengine watasema hesabu ni za wahandisi, lakini si ngumu, na mwananchi anayezijua hadanganywi kwenye mkutano wa mtaa.

Mhandisi huanza na idadi ya watu. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta Manispaa ya Tabora ina watu takriban 227,000; ya mwaka 2022 ikakuta zaidi ya 300,000. Tena hapangi kwa watu wa leo tu, hupanga kwa watu watakaokuwapo baada ya miaka 20 au zaidi, maana bomba likishafukiwa chini ya barabara hakuna anayetaka kulifukua. Kisha hukadiria maji ambayo kila mtu hutumia. Tuseme kwa mfano lita 60 kwa siku. Katika hizo, kiasi cha asilimia 80 hurudi kama maji taka. Nyingine hunywewa, humwagwa uani au hukauka. Basi kila mtu huleta lita 48. Zidisha kwa watu 300,000 upate lita milioni 14.4 kila siku. Gari moja la kunyonya vyoo lenye tangi la lita 10,000 lingehitaji safari 1,440 kwa siku moja. Hapo mtaona kwamba magari peke yake hayawezi kutegemewa ikiwa kila nyumba itakuwa na choo cha kuvuta.

Tabora ina mtandao wa mabomba ya maji taka, lakini unafikia sehemu ndogo tu ya mji. Nyumba nyingi za Ng'ambo, Isevya, Chemchem, Ipuli na kwingineko hutumia vyoo vya shimo au karo. Hilo si jambo la aibu. Choo cha shimo kilichochimbwa vizuri ni choo safi kabisa kiafya. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wazima wapatao milioni mbili walipokusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kusoma vijitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Vijiji vingi vilipata vyoo vyao vya kwanza wakati ule. Kwa maoni yetu haijawahi kutokea tena kampeni ya afya iliyoingia nyumbani kwa watu namna ile.

Lakini shimo lina hesabu yake pia. Shimo la upana wa mita 1.2 na kina cha mita 3, ukiacha nusu mita ya juu, lina nafasi ya kama lita 2,800. Mtu mmoja hujaza kama lita 50 za uchafu mzito kwa mwaka, kwa kuwa maji hufyonzwa na udongo. Familia ya watu sita itakaa na shimo hilo kwa miaka tisa hivi. Sasa leteni bomba ndani, mvute maji chooni na kuelekeza humo humo maji ya kuoga na kufulia. Hayo ni lita mia mbili au mia tatu kila siku katika shimo la lita 2,800. Penye udongo wa kichanga litavumilia. Penye udongo mweusi wa mbuga litafurika kabla mwezi haujaisha, na masika likijaa ndipo tunapoona jambo baya sana: mwenye nyumba hungoja mvua kubwa usiku, akatoboa shimo, uchafu ukaenda na maji ya mvua. Watu wa mjini huita kutapisha choo. Jirani wa bondeni ndiye anayeamka na uchafu huo mlangoni, na kisima chake kifupi hakisalimiki.

Tunajua kwa nini watu hufanya hivyo. Kukodi gari ni gharama, na nyumba nyingine gari haliwezi kuzifikia kwa sababu vichochoro ni vyembamba. Kumkaripia mtu wa namna hiyo hakusaidii kitu kama hakuna njia nyingine aliyoonyeshwa. Lakini tukiwa wodini tunahesabu watoto wanaoletwa na kuhara baada ya mvua kubwa, hatuwezi kukaa kimya. Kuhara damu, homa ya matumbo, minyoo mikubwa ya matumbo, vyote hivi vina safari moja: kutoka kwenye kinyesi cha mtu mmoja kwenda kinywani mwa mwingine.

Kwa hiyo mpango mzuri wa mji kama wetu una njia mbili zinazokwenda pamoja. Katikati ya mji, penye hoteli, shule, hospitali na nyumba zilizosongamana, yafaa mabomba. Pembeni, penye viwanja vikubwa, yafaa vyoo vya shimo na karo, pamoja na magari ya kunyonya na mahali halali pa kumwaga. Jirani zetu wa Kampala walifungua mtambo wa Lubigi mwaka 2014 unaopokea maji taka ya mabomba na pia uchafu unaoletwa na magari kutoka vyoo vya shimo. Pasipo mahali pa kumwaga, dereva wa gari atamwaga porini au mtoni, nanyi mtakuwa mmemlipa kuhamisha ugonjwa tu.

Bomba la maji taka halisukumwi kama la maji safi. Linategemea mteremko. Kwa bomba la inchi sita wahandisi hupenda lishuke kama mita moja kwa kila mita 100, ili maji yaende kasi ya kutosha kubeba uchafu wenyewe. Likilala mno uchafu hutuama na bomba huziba. Nchi yetu haina milima, hivyo bomba refu huishia kuwa chini sana ardhini, na hapo inabidi kuweka pampu, na pampu hutaka umeme na fundi. Ndiyo sababu wahandisi hutembea na kupima kila bonde kabla ya kuchora, na ndiyo sababu mtu anayejenga nyumba juu ya njia ya bomba, au anayetupa matambara, nepi za plastiki na majivu kwenye chemba, anaharibu kazi ya mtaa mzima.

Mwisho wa bomba ni mabwawa. Hapa tungependa msomaji atulie, kwa sababu wengi wakisikia mabwawa ya maji taka hufikiri ni dimbwi la kutupia uchafu. Sivyo. Ni hospitali ya maji. Bwawa la kwanza huwa na kina kirefu, mita 3 hadi 5. Uchafu mzito hukaa chini, na vijidudu visivyohitaji hewa huula. Hilo hunuka, na hatutawaficha. Maji hupita bwawa la pili la mita moja na nusu, lenye rangi ya kijani. Kijani ile ni mwani, na mwani hutoa hewa safi inayosaidia vijidudu vingine kumaliza uchafu uliobaki. Kisha hufuata mabwawa mengine yenye kina kifupi, ambako mwanga wa jua na muda huua vijidudu vya magonjwa. Mayai ya minyoo ni mazito, nayo huzama polepole na kubaki kwenye tope. Dawa haihitajiki wala mashine. Vinahitajika joto, jua na siku za kutosha, kama 20 hivi kwa jumla. Na jua, Tabora tunalo tangu Mei hadi Oktoba bila wingu.

Kitu kinachohitajika kwa wingi ni ardhi. Kwa watu 10,000, maji taka yao ya siku 20 yakiwa na kina cha mita 1.5 yanataka karibu uwanja mmoja wa mpira. Kwa watu 300,000 ni viwanja 30, bila kuhesabu njia na kingo. Hapa ndipo tunapoona hatari kubwa kwa mji wetu kuliko hatari ya fedha. Fedha huweza kukopwa. Ardhi iliyo bondeni, mahali ambapo maji yangefika yenyewe kwa mteremko, ikishagawanywa viwanja na watu wakajenga, hairudi. Tukifika mwaka 2040 mhandisi akisema mabwawa yanafaa kuwa hapa, atakuta vyumba vya watu na watoto wanacheza. Basi mnapoitwa kwenye mkutano wa mtaa juu ya mipango ya ardhi, ulizeni: eneo la maji taka limetengwa wapi, na mipaka yake imewekwa mawe? Mamlaka yetu ya maji, kwa sheria ya mwaka 2019, hushughulika na maji safi pamoja na usafi wa mazingira, kwa hiyo swali hilo ni halali kuulizwa.

Maji yakishapita mabwawani bado ni mali. Moshi, kule Mabogini, wakulima humwagilia mpunga kwa maji yatokayo kwenye mabwawa ya mji. Morogoro, kule Mafisa, ni vivyo hivyo. Maji hayo yana mbolea ndani yake, na huwa yanapatikana hata kiangazi. Mji wa Windhoek, Namibia, ulio nchi kavu kuliko yetu, umekuwa ukisafisha maji taka hadi kunyweka tangu mwaka 1968. Lakini hiyo ni kazi ya mitambo ya gharama kubwa na maabara isiyolala, si ya kuigwa na kila mji. Kwetu sisi, mpunga, miti na majani ya ng'ombe vingetosha sana. Tukumbuke kwamba maji haya ya ziwa hayarudi ziwani. Mito ya upande wetu, Igombe na Ugalla, inakwenda Malagarasi na kuishia Tanganyika. Tukiyaacha machafu, tunayapeleka kwa wenzetu wanaochota chini yetu.

Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo mwaka 1989: maji ya kumwagilia mazao yasiwe na zaidi ya yai moja la minyoo katika lita, na kwa mazao yanayoliwa mabichi, vijidudu vya kinyesi visizidi 1,000 katika mililita 100. Mwaka 2006 mwongozo huo ulitazamwa upya, ukasema usalama usitegemee mabwawa tu, bali hatua zote kuanzia shambani hadi jikoni. Ni busara, maana mwenye bustani bondeni hana maabara. Kumfukuza mama anayesomesha watoto kwa matembele aliyoyamwagilia maji ya mfereji hatuoni kuwa ni dawa. Avae buti na glovu, amwagilie chini ya mmea na si juu ya majani, aache kumwagilia siku kadhaa kabla ya kuvuna, na asioshe mboga kwenye mfereji ule ule kabla ya kuzipeleka sokoni. Apande vinavyopikwa, mchicha na matembele, kuliko nyanya na kabichi za kachumbari. Nawe mnunuzi, kachumbari ioshwe kwa maji safi yanayotiririka, hata kama imeonekana safi. Yai la minyoo huishi udongoni miezi mingi, pengine miaka. Na wale wanaoingia kwenye majaruba ya mpunga wakumbuke pia kichocho. Mtoto akikojoa damu aletwe mapema, asiambiwe ni balehe.

Jambo lingine dogo. Maji yanayosimama ndani ya shimo la choo huzaa mbu wanaoeneza matende. Mwaka 1988 kule Makunduchi, Unguja, watafiti walimwaga punje nyepesi za plastiki zikaelea juu ya maji ya vyoo, na watu wakapewa dawa; mbu walipungua sana na vimelea vya matende navyo vikapungua. Nyumbani inatosha kuziba mianya ya karo na kufunga wavu kwenye bomba la hewa.

Kwa wanaojenga sasa: choo na kisima viachane angalau mita 30, na choo kisiwe upande wa juu wa kisima. Kabla ya kuchimba shimo la kufyonza, chimba kishimo kidogo, jaza maji, uone yanashuka kwa muda gani. Yakikaa siku nzima, udongo wako haufai, mwone bwana afya kabla ya kununua matofali. Maji ya mvua ya paa yasielekezwe kwenye karo. Karo inyonywe kabla ya kujaa, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili au mitatu, na afadhali kiangazi magari yakiwa hayana kazi nyingi kuliko masika. Majirani wanne au watano wa Jumuiya moja wakipatana siku moja, mwenye gari huweza kupunguza bei.

Tena mfuniko uwe mzito, mtoto asiuweze. Na mtu yeyote asishuke ndani ya karo au shimo la choo, hata fundi mwenye uzoefu, hata kwa dakika moja kuokota ndoo. Hewa ya humo huua haraka bila kelele, na mara nyingi anayeshuka kumwokoa wa kwanza hufa pamoja naye. Mtu akiangukia humo, mrushie kamba ukiwa nje, piga kelele watu wakusanyike, na mpigie Zimamoto simu namba 114.